Nusu ya Pili ya Nkambo Kapya

Hewa Bora, Lubumbashi
14 Septemba 2023

Mjomba wangu Floribert,

Nakusalimu sana, wewe na binti yako Plamedie na wote wa nyumbani. Nilifika salama, ila mgongo wangu nadhani ulibaki njiani, maana Raoul anaendesha lori lake kama mtu anayekimbia nyuki. Amekubali kubeba barua zetu kila apandapo Mitwaba na mzigo wa sabuni na samaki wakavu. "Miye sisomake barua ya bantu," aliniapia. Nami nilijifanya nimeamini.

Mjomba, tangu uliponisimulia Julai furaha hainiachi. Kila mwaka pale chuoni nafundisha habari za watu waliouzwa utumwani, zile zilizoandikwa na mapadri zamani. Nawaambia wanafunzi: aliyeteseka alisema, padri aliandika, na katikati kuna mkono wa mtu mwingine uliochagua cha kuweka na cha kuacha. Basi wananiuliza, "Sasa tuamini nini, Madame?" Sasa ninalo jibu: Nkambo Kapya wetu, bibi wa mabibi zetu. Msichana aliyekuwa analoweka muhogo mtoni, akakamatwa, akafungwa kamba shingoni pamoja na dada yake, akatembezwa mpaka dada akaanguka, naye akauzwa kwa chumvi na kitambaa kwenye kijiji chenu hapo. Hakuna padri katikati. Mdomo kwa mdomo, mpaka kwako, mpaka kwenye kinasa sauti changu.

Nitaisoma kwenye mkutano wa chuo, na mwandishi mmoja wa redio ameomba kipande cha dakika chache. Swali moja tu: hadithi inaishia pale anaponunuliwa, "akalia, akanyamaza." Baada ya hapo ilikuwaje? Uliniambia ndiyo yote. Kama ndiyo yote, basi ndiyo yote.

Mpwa wako,
Clotilde

*

Mitwaba
11 Oktoba 2023

Clotilde, mwipwa wangu,

Barua imefika, na sabuni pia, Mungu akubariki. Plamedie anaoga mara mbili kwa siku tangu hiyo sabuni ifike, sijui anajiandaa kwa nani.

Hili la redio sikulielewa vizuri. Mimi nilidhani tunazungumza kwa ajili ya wanafunzi wako. Redio ni ya kila mtu. Kama bado hujasema, ngoja kwanza. Kama utasema, usitaje kijiji, wala jina la Nkambo.

Umeuliza kama kuna mwisho. Hapa mvua inakaribia na bado sijapanda kitu. Tutaongea siku nyingine.

Mjomba wako,
Floribert

*

Hewa Bora
30 Oktoba 2023

Mjomba,

Umechelewa, Mjomba wangu! Redio ilishatangaza tarehe saba. Kijiji sikukitaja, nilisema tu "kando ya kijito chenye mawe mekundu." Jina la Kapya nimelitaja, nisamehe. Waliomnunua walimwondolea kamba lakini walitaka kumwondolea na jina. Mimi sikutaka kuwa mmoja wao. Wanawake walipiga simu redioni wakilia. Mmoja alisema na kwao yuko bibi wa namna hiyo, lakini hawathubutu kumtaja.

Najua wazee hawapendi mambo haya yasemwe. Lakini mficha uchi hazai, Mjomba. Tukinyamaza sisi, wajukuu wetu watasoma tu walichoandika mapadri.

Clotilde

*

Mitwaba
22 Novemba 2023

Mwipwa wangu,

Mficha uchi hazai, kweli. Na aliyeuonyesha redioni sasa anatafutiwa pa kulala. Kaa chini usome polepole.

Jumanne iliyopita Gradi alituita kwa Chefu wa kijiji. Unamjua Gradi, yule mwenye kofia ya ngozi. Nyumba yao ndiyo iliyomnunua Kapya. Tangu wale wanunuzi wa mawe ya madini waje kuchimbachimba kando ya kijito, amekuwa akiyatazama mashamba yetu kwa jicho la mchumba. Lakini hakuwa na mdomo wa kuyaomba. Kwetu hapa hakuna mtu anayetaja asili ya mwenzake. Anayesema "wewe bibi yako alinunuliwa" analipa mbuzi na kupiga magoti mbele ya watu. Mwenye asili peke yake anaweza kuisema, naye hana sababu ya kuisema. Ndivyo tulivyoishi na nyumba ya Gradi miaka yote hii, tukioana na kuzikana.

Sasa Gradi alitoa simu mfukoni, akaiweka mezani, na sauti yako ikajaa baraza. Halafu akasema, "Haiko miye njo nilisema, Chefu. Ni bo benyewe. Mutoto yabo ya université njo anasema mu radio. Miye nasikia tu, sawa vile mweye munasikia."

Na desturi iko hivi: mtu aliyenunuliwa analima lakini harithishi. Akifa na watoto wake wakiisha kula, shamba linarudi kwa nyumba iliyotoa chumvi. Isipokuwa kama alifunguliwa. Akifunguliwa, yeye ni mtu wa nchi, na watoto wake pia. Chefu akaniuliza, "Floribert, Kapya alifunguliwa?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Nani anajua?" Nikaomba anipe muda.

Sasa nikuambie lile ambalo hukuniuliza. Hukuniuliza niliisikia wapi. Mwanamke wa nyumba yetu akifa, kabla ya kuwekwa sandukuni, wanaume tunatolewa nje, na wake tuliowaoa pia wanatoka. Wanabaki mabinti wa nyumba. Wanafunga mlango, wanamweleza marehemu habari za Kapya, ili ajue alikotoka na njia ya kupita. Nusu ya kwanza inaliliwa kwa sauti kubwa. Nusu ya pili inasemwa chini, sikioni mwa marehemu. Sisi wanaume tumekaa nje ukutani. Nimekaa pale kwa bibi yangu, nikakaa kwa mama yako, wewe ukiwa bado wa kunyonya, nikakaa kwa mama yangu Albertine. Kilio nakijua neno kwa neno. Kisha kunakuwa kimya, mlango unafunguliwa, na wanawake wanatoka na nyuso za amani. Nilichokupa wewe ni kile kinachopita kwenye ukuta wa tofali.

Kufunguliwa kwake kumo katika nusu ya pili. Kila mtu hapa anaamini hivyo, hata Gradi, maana zamani wazee wao wasingetuacha bure. Lakini hakuna mwanaume anayeweza kuisema, na wanawake wetu wamekwisha. Siku ya mama Albertine wewe ulikuwa kwenye mitihani. Dada yako Adolphine alikuwa ameshapotelea Zambia, na Plamedie hakuwa amezaliwa. Aliingia dada yangu Josée peke yake.

Yuko Naviundu, hapo karibu nawe. Nenda.

Floribert

*

Hewa Bora
9 Desemba 2023

Mjomba,

"Uliisikia wapi?" Ndilo swali la kwanza ninaloandika ubaoni kila mwaka, juu kabisa, na kulipigia mstari. Nalo sikukuuliza, kwa sababu wewe ni mjomba wangu na kuni zilikuwa zinawaka vizuri. Nimekuwa nikiwacheka mapadri. Mjomba, naona aibu kubwa, na aibu hailimi shamba.

Nilikwenda kwa Mama Josée Jumapili baada ya misa. Nilimkuta ametumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, imevimba. Ana tension, hiyo presha, na sukari pamoja, na bado anawakemea majirani. Nilimweleza yote. Alinisikiliza, akakausha mguu mmoja, akaniuliza:

"Humu mu nyumba kuko mufu?"

"Hapana, Mama."

"Sasa unataka nielezee nani? Ile maneno haielezwake muntu muzima. Ukiielezea muntu muzima, unamuita kifo."

Nikamwambia, basi niambie mimi, nikubali hicho kifo. Akacheka mpaka maji ya beseni yakamwagika. "Weye? Siku ya mama ulikuwa mu ekzame! Kama unaitaka sana, ngojea nikufe. Haiko mbali."

Nilimwambia mashamba yatakwenda. Akaacha kucheka. Alisema, "Najua, mwanangu," kisha akaomba nimsukumie mguu wa pili ndani ya maji. Nilikaa naye mpaka jua likashuka.

Clotilde

*

Mitwaba
6 Januari 2024

Clotilde,

Mwaka mpya umeingia na matope yake. Chefu amepanga siku: Jumamosi ya baada ya Pasaka. Amesema mwanamke wa nyumba aje, aseme. Asipokuja, yeye hana la kufanya, sauti ya redio itabaki peke yake mezani.

Nimewaza sana, nami naandika hili nikiwa na akili zangu timamu. Wewe umesoma habari za watumwa wengi. Kati ya wote wale, wengine walifunguliwa. Walifunguliwaje? Kwa mbuzi? Kwa kuoga mtoni? Kwa kuzaa mtoto wa kiume? Chukua mwisho mmoja unaofaa, uje nao. Hakuna mtu hapa anayejua ule wa kweli, basi hakuna atakayejua kwamba si wenyewe. Si uongo wa kumwibia mtu. Ni kurudisha kilichokuwepo.

Plamedie aliniuliza kama watu wa kununuliwa wanaruhusiwa kuzikwa kwenye makaburi ya hapa. Nilimfukuza akachote maji.

Mjomba wako

*

Hewa Bora
27 Januari 2024

Mjomba,

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma chochote mwaka huu. Usidhani nimekasirika. Nilikaa mezani nikaanza hata kuutunga huo mwisho. Ulikuja kwa urahisi, na hilo ndilo lililonitisha. Ulikuwa na mbuzi, na maji, na mzee mwenye moyo mwema. Ulikuwa mzuri kama wa mapadri. Nikaona Kapya ananyang'anywa mdomo mara nyingine, na safari hii na mjukuu wake. Siwezi, Mjomba. Nisamehe, siwezi.

Lakini kuna tumaini. Nimekwenda tena Naviundu. Mama Josée sasa halali vizuri, anahema kama aliyepanda mlima. Alikuwa amefikiri. Alisema kwamba zamani, wakati wa vita, bibi yenu aliogopa kufa porini bila mtu, akaieleza bila maiti. Kaka yake alimletea kuku mweupe wa nyumbani, aliyefugwa kwenye ardhi ile ile, akamweka mikononi mwake. Kuku akachukua nafasi ya mfu. "Floribert anitumie kuku," alisema. "Haiko kuku ya hapa, ya kununua mu soko. Ya kwetu. Nikimushika mu mikono, nitasema, na weye utasikia."

Mpe Raoul huyo kuku. Mpe leo.

Clotilde

*

Mitwaba
16 Februari 2024

Clotilde,

Barua yako imefika jana tu, daraja lilikuwa limeondoka na maji. Leo alfajiri nimemkamata kuku. Mweupe kabisa, isipokuwa doa moja mkiani ambalo nimeling'oa, Mungu anisamehe. Plamedie amemfungia kwenye kikapu na kumwekea mtama. Raoul amesema atamweka mbele, kwenye kiti, si nyuma kwenye mzigo. "Huyu haiko kuku, Baba, huyu ni dokima, njo hati ya shamba," aliniambia. Anajua yote, huyo asiyesoma barua.

Mwambie dada yangu asiharakishe kwenda popote. Mwambie nimesema mimi, mdogo wake, niliyekuwa nikipigwa naye kwa mwiko.

Kwa mara ya kwanza tangu Novemba nimekula nikashiba.

Floribert

*

Naviundu
8 Machi 2024

Mjomba,

Habari ulizipata kwa simu ya paroko, kwamba Mama Josée ametuacha Jumatatu. Najua hukuweza kuja. Hakuna gari lililoshuka, isipokuwa Raoul aliyekuwa amekwama kwenye matope tangu mwezi uliopita na akachomoka akiwa nusu ya njia. Alifika Jumatano adhuhuri. Aliingia uani na kikapu kichwani, akaona viti vya msiba, akakiweka chini, akakaa juu ya tofali akalia kama mtoto. Kuku alikuwa mzima. Alikuwa ametaga yai njiani.

Siku ile ya mwisho Mama hakuwa na sauti tena. Aliuliza kwa mikono tu, akiiweka hivi, kama mtu anayepakata kitu. Nilimwambia yuko njiani. Alipakata hewa mpaka akalala.

Alasiri hiyo ya Jumatano watu wa kanisa waliimba, kisha nikaomba watoke. Binti wa nyumba aliyekuwepo ni mimi peke yangu. Niliingia, nikafunga mlango. Raoul na wanaume walikaa nje ukutani.

Tulimzika Alhamisi. Kuku nimemweka hapa kwangu, siwezi kumchinja wala kumrudisha. Nitakuandikia vizuri nikipata nguvu.

Clotilde

*

Mitwaba
21 Machi 2024

Mwipwa wangu! Binti wa nyumba!

Raoul amefika na ameniambia! Alikuwa ukutani. Alisikia kilio chako, neno kwa neno kama cha mama zangu, mpaka pale "akalia, akanyamaza." Kisha kimya kirefu, kirefu sana, kisha mlango. Ndivyo ilivyo! Ndivyo ilivyokuwa siku zote! Kumbe dada yangu alikupa kabla hajaenda. Nilijua. Josée asingeweza kuondoka nayo, mwanamke yule aliyekuwa hagawi hata chumvi lakini hakutupa kitu.

Nilikwenda kwa Chefu mbio, kwa umri wangu huu. Naye ni mtu mwema, sikia alichosema: "Siombi mwanamke aseme mbele ya banaume ile haisemwake. Akuje tu aweke mukono pa udongo, aape: nilisikia nusu ya pili, na Kapya alifunguliwa. Njo yote." Gradi alitaka kubisha, wazee wakamzomea. Hawataki tuondoke, Clotilde. Wanatafuta tu mlango wa kutupitishia.

Neno moja tu. Huna haja ya kutunga chochote. Njoo na lori la Raoul, Plamedie amekuandalia kitanda.

Mjomba wako mwenye furaha,
Floribert

*

Hewa Bora
26 Machi 2024

Mjomba wangu,

Desturi inanikataza kukuambia yaliyosemwa ndani ya chumba kile. Lakini hainikatazi kukuambia ambayo hayakusemwa.

Sikupewa kitu. Nilipofunga mlango nilikuwa nimekaribia kuamini kwamba itakuja yenyewe. Nililia nusu ya kwanza, ile niliyoipata kwako, uliyoipata ukutani. Nilipofika "akanyamaza" niliinama kwenye sikio la Mama. Nilikaa hapo. Nilisikia majirani wakipiga chafya, nilisikia yule kuku akikwaruza kikapu nje. Midomo yangu ilikuwa karibu kabisa na sikio lake na sikuwa na neno hata moja la kuweka mle. Nilimwomba radhi moyoni. Kisha nikasimama nikafungua.

Raoul hakudanganya. Alisikia alichosikia. Mjomba, kwa aliye nje, siri na kimya vinafanana.

Siku hizi najiuliza juu ya wale wote walionitangulia. Mama Josée aliingia kwa Nkambo Albertine peke yake, na sisi sote tunaamini alisema. Naamini alisema. Ningelazimika kuapa kwamba naamini, si kwamba nilisikia. Chefu haulizi ninachoamini.

Ukiniita nitakuja. Mfuko wangu uko mlangoni. Lakini nikiweka mkono kwenye udongo wa Kapya na kuulizwa, nitasema sikusikia. Nimejaribu kioo kikiwa mbele yangu kusema lile neno moja. Mdomo unakataa. Nisamehe redio, nisamehe mitihani, nisamehe na huu mdomo ambao ulisema pasipotakiwa na sasa unakataa panapotakiwa.

Raoul anaondoka asubuhi.

Clotilde

*

Mitwaba
15 Aprili 2024

Clotilde,

Sikukuita. Usingoje tena gari, toa huo mfuko mlangoni watoto wasijikwae.

Barua yako niliisoma shambani, nikakaa kwenye tuta. Nilikasirika mpaka nikang'oa muhogo ambao haukunikosea. Baadaye hasira iliisha, ikabaki njaa tu, nikarudi nyumbani.

Jumamosi ile Chefu aliuliza, "Binti wa nyumba yuko wapi?" Wazee wote walinitazama, wakitaka niseme uko njiani, gari limekwama, ili waahirishe tena na tena mpaka Gradi azeeke. Neno hilo lilikuwa mdomoni kabisa. Nikasema, "Mutoto hakuje. Miye njo nilimukataza." Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Gradi mwenyewe aliangalia chini, sijui kwa haya au alikuwa anatazama viatu vyake. Chefu akavua miwani, akasema hana la kufanya. Kweli hana. Nimemtafutia la kufanya mimi mwenyewe, sikuliona.

Tunavuna kilichopo, kisha tunaacha. Nyumba tumeachiwa mpaka mimi nife. Muhogo mwingine ni mdogo kama kidole lakini tunaung'oa hivyo hivyo. Raoul amesema Naviundu nyumba ya dada yangu iko wazi. Huenda utatuona huko na sufuria zetu.

Kuhusu makaburi, wamesema waliokwisha kulala watalala. Kwa watakaokuja hawakusema, na mimi sikuuliza.

Jana Plamedie alikuwa anamenya muhogo, akaniuliza siku yake ikifika nani ataingia kwake kufunga mlango. Nikamwambia, Clotilde. Akasema, "Lakini yeye haijue." Nikamwambia ataililia ile tunayoijua, halafu atakaa na wewe kimya, mdomo wake karibu na sikio lako, muda ule ule waliokaa mama zetu. Alifikiri, akasema sawa, akaendelea kumenya.

Kwa hiyo, mwipwa wangu, siku hiyo usiwe kwenye mitihani. Na huyo kuku mtunze, umlalishe na mayai yake.

Mjomba wako,
Floribert